Tromsø hadi Longyearbyen: safari ya saa moja na dakika arobaini

Ukiitazama ramani utadhani Tromsø na Longyearbyen ni majirani. Miji hii miwili ya Norway iko kaskazini kabisa mwa dunia. Hata hivyo, baina yao imelala bahari, na hakuna barabara wala reli. Je, ni mbali kiasi gani?

Uwanja wa ndege wa Tromsø upo karibu na latitudo ya digrii 69.7 kaskazini, na ule wa Longyearbyen, katika visiwa vya Svalbard, digrii 78.2. Tofauti ni digrii 8 na nusu. Kila digrii ya latitudo ni takriban kilomita 111, hivyo tunapata kilomita 940 na ushei. Kwa kuwa Longyearbyen imeelekea magharibi kidogo, umbali wa angani hufikia takriban kilomita 960. Kutoka hapo hadi Ncha ya Kaskazini husalia kama kilomita 1,300 tu.

Ndege ya abiria iendayo kilomita 800 kwa saa ingeukata umbali huo kwa dakika 72. Lakini ndege hutembea kwanza uwanjani, hupanda taratibu, kisha hupunguza mwendo kabla ya kutua. Ndiyo maana ratiba huonyesha kama saa moja na dakika arobaini. Upepo nao huweza kuifanya safari ya kwenda isilingane na ya kurudi.

Kwa wakaazi wa Longyearbyen, hesabu hii si ya wasafiri peke yao. Hospitali yao ni ndogo, na wajawazito hutakiwa kwenda bara takriban wiki tatu kabla ya kujifungua. Mgonjwa mahututi husafirishwa hadi hospitali kuu ya Tromsø. Ikiwa ndege ya wagonjwa inatoka bara, sharti ivuke bahari mara mbili: kumfuata mgonjwa, kisha kumrejesha. Saa moja na dakika arobaini hugeuka kuwa zaidi ya saa tatu, mbali na muda wa matayarisho.

Hali ya hewa nayo ina kauli yake. Tangu mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Februari jua halichomozi Longyearbyen, na uwanja umezungukwa na milima. Mwezi Agosti 1996, ndege iliyotoka Moscow iligonga mlima ikikaribia kutua, na watu wote 141 waliokuwamo wakafariki dunia. Kwa kuwa viwanja vingine viko mbali, rubani hubeba mafuta ya kumwezesha kugeuza njia iwapo ukungu utatanda.

Kwa msikilizaji anayepanga safari hiyo, lipo jambo moja la kuzingatia. Mkataba wa Svalbard wa mwaka 1920 umevifanya visiwa hivyo vifikike bila viza, lakini haviko katika eneo la Schengen. Anayepitia Norway kwa viza ahakikishe inamruhusu kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo huenda akakwama wakati wa kurudi.

Uwanja wa Longyearbyen ulifunguliwa mwaka 1975. Kabla ya hapo, barafu ilipoifunga bahari, wakaazi walikaa miezi kadhaa wakisubiri meli ya kwanza ya majira ya joto.