Paka Anapougua Tumbo na Sababu Isijulikane



Wapenzi wasomaji, wiki hii tumeona tuwasimulie jambo dogo lililotushughulisha nyumbani kwa muda wa miezi mitatu. Twasema dogo kwa kuwa aliyehusika ni paka. Hata hivyo, aliyewahi kufuga anajua kuwa mnyama akiugua ndani ya nyumba hugusa mengi: tahara ya mahali pa kuswalia, afya ya mwenye mimba, machozi ya watoto, na maelewano ya watu wazima.

Asili yetu ni Mombasa, Mji wa Kale. Riziki ndiyo iliyotuhamishia Ndanai, katika Kaunti ya Bomet, nchi ya chai na ng'ombe wa maziwa. Paka wetu Marashi, jike wa miaka minne, tulikuja naye ndani ya kikapu. Pwani alizoea vichwa vya samaki na mchanga mkavu wa kufukua nyuma ya nyumba. Huku alikuta baridi, mvua za alasiri, dagaa wakavu wa Ziwa Viktoria waitwao omena, na maziwa tele.

Hatukumaliza mwezi kabla ya mambo kuharibika. Choo chake kikawa maji maji, siku nyingine kina utando kama wa kamasi. Alikula vizuri lakini mbavu zikaanza kuonekana. Kisha akaacha kabisa kutumia beseni lake, akawa anajisaidia kandokando yake, mara nyuma ya mlango, mara juu ya zulia. Alfajiri moja baba wa nyumba alipoamka kuswali, aliweka paji la uso juu ya msala uliolowa.

Siku hiyo bibi yetu alisema neno lake: "Wanangu, nyumba ya swala haiwi hivi. Mtoeni." Watoto wakalia. Mmoja wetu akapendekeza apelekwe mbali, aachwe kwenye mashamba ya chai. Hapo bibi mwenyewe akanyamaza, kisha akatukumbusha habari iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Paka wa ndani, mgonjwa, akitupwa kwenye baridi, hali yake haiko mbali na hiyo. Tukaafikiana: mwezi mmoja wa kutafuta sababu, na msala utandikwe chumba chenye mlango wa kufungwa.

Daktari na daftari

Huku bara madaktari wa mifugo wamezoea ng'ombe. Tuliyempata alikuwa mstahamilivu. Alimpima Marashi uzito kwanza, kwani dawa ya minyoo ya paka hutolewa kwa kilo zake, naye alikuwa na kilo tatu tu. Akatuonya tusithubutu kumpa dawa yoyote ya ng'ombe kwa kukisia, wala kumpaka dawa ya kupe ya mifugo: baadhi yake, hasa zenye pamethrini, humletea paka mtetemeko na kifo. Na vidonge vya paracetamol tunavyomeza sisi kwa maumivu ya kichwa ni sumu kwake, hata kidonge kimoja.

Tulipeleka kinyesi kibichi katika chupa safi kikaangaliwe kwa darubini. Hakikuonekana kitu. Daktari akaeleza kuwa jibu hilo halimalizi shauri, maana vijidudu vingine havitoki kila siku. Ndiyo maana hutakiwa sampuli za siku mbalimbali. Tukarudia mara mbili, jibu likawa lile lile. Dawa ya minyoo alipewa, nafuu ikawa ndogo.

Ndipo akatuambia jambo ambalo kwetu lilikuwa na faida kuliko dawa: "Andikeni." Tukanunua daftari la shule. Kila siku tukaandika alichokula na saa aliyokula, alichokunywa, choo kilivyokuwa, mahali alipokiweka, na lolote geni lililotokea nyumbani. Mtoto wetu wa darasa la sita ndiye aliyekuwa karani.

Baada ya siku kumi na nne tulisoma daftari pamoja, na jambo moja likajitokeza. Jirani yetu, mama mkarimu wa Kikipsigis, hutuletea maziwa asubuhi yakiwa bado na joto la kiwele, wala hakubali kulipwa. Siku alizoleta, watoto walimmiminia Marashi kisahani. Siku hizo hizo jioni, au kesho yake, ndizo zilizoandikwa "maji maji". Siku ambazo jirani alisafiri, choo kilikuwa na afadhali.

Wengi wetu tumelelewa tukiamini kuwa maziwa ndiyo chakula cha paka. Ukweli ni kwamba kitoto cha paka huzaliwa na uwezo wa kusaga sukari iliyomo katika maziwa ya mama yake, na uwezo huo hupungua anapoachishwa kunyonya. Paka wengi wakubwa hawaimudu. Sukari ile hubaki tumboni bila kusagwa, ikavuta maji na kuleta gesi na kuhara. Kinywaji cha paka ni maji safi, na chakula chake ni nyama au samaki. Ugali na mchuzi havimtoshi, na kitunguu na kitunguu saumu humharibia damu.

Tukaacha maziwa. Kwa siku kadhaa tukampa kuku wa kuchemshwa bila chumvi, mafuta wala kitunguu, kidogo kidogo mara nne kwa siku. Kisha tukamrudishia chakula chake cha kawaida kwa kukichanganya polepole muda wa siku kumi. Hatukumfungisha njaa, kwani paka asiyekula kabisa kwa siku mbili tatu huweza kuharibikiwa ini. Siku ya tano choo kilishikana. Alhamdulillah.

Beseni lililochukiwa

Tumbo lilitulia, lakini beseni aliendelea kulikwepa. Hapa kosa lilikuwa letu. Tulipohama tuliliweka barazani, penye upepo na mvua na mbwa wanaopita, tukalijaza maranda ya mbao yenye harufu kali badala ya mchanga aliouzoea. Zaidi ya hayo, kwa wiki kadhaa alilitumia akiwa na maumivu, na paka huhusisha maumivu na mahali yalipompata. Kumpiga au kumsugua pua kwenye uchafu hakumfundishi ila kumwogopa mwenye nyumba.

Tulianza upya. Tuliweka mabeseni mawili mapya, kwa kuwa ushauri ni kila nyumba iwe na beseni moja zaidi ya idadi ya paka. Tuliyaweka ndani, penye utulivu, mbali na bakuli la chakula, yakiwa na mchanga wa mto uliooshwa na kuanikwa. Uchafu tukauondoa asubuhi na jioni. Pale alipozoea kuchafua tukaosha kwa maji mengi, kisha siki na maji tena, kwa kuwa harufu ya mkojo ikibaki humwita arudi. Wiki ya tatu akarudi kwenye mchanga.

Kwa akina mama na kwa tahara

Mke wa kijana wetu alikuwa na mimba changa wakati huo. Kinyesi cha paka huweza kubeba kijidudu kiitwacho toksoplasma, chenye kudhuru mtoto tumboni. Mayai yake hayaambukizi papo hapo; huhitaji angaa siku moja kukomaa. Kwa hiyo uchafu uondolewe kila siku, na mwenye mimba asiwe ndiye anayeuondoa. Akikosa mtu, avae glavu na anawe kwa sabuni. Wala asidhani kumfukuza paka kunatosha: kijidudu hicho hupatikana pia katika nyama isiyoiva na mboga zenye udongo. Naye mwana alizaliwa salama, kwa fadhila za Mola.

Kuhusu tahara, paka mwenyewe si najisi. Imepokewa kuwa Abu Qatada, Mungu amridhie, alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu akanywa, kisha akaeleza kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema paka si najisi. Mkojo wake na kinyesi chake, hata hivyo, ni najisi katika madhehebu yetu ya Shafi. Ondoa kwanza uchafu wenyewe, kisha osha kwa maji mpaka athari yake iishe. Ikibaki rangi peke yake au harufu peke yake baada ya juhudi, hilo husamehewa. Mwenye shaka amwulize sheikh wake.

Tuseme kweli: hatukupata jibu la yote. Mara mbili tangu hapo Marashi ameharisha siku tatu bila maziwa wala badiliko lolote daftarini. Daktari anasema paka wengine wana matumbo mepesi, na yapo maradhi yanayohitaji vipimo visivyopatikana karibu nasi. Tumekubali kuishi na hali hiyo, huku tukijua dalili zisizongoja: damu katika choo, kutapika mfululizo, ulegevu, kukataa chakula siku nzima, au ngozi ya shingo ikivutwa isirudi haraka. Na paka dume akienda mara kwa mara kukojoa na mkojo usitoke, apelekwe saa ile ile, maana mkojo ukiziba humwua kwa siku moja au mbili.

Jirani bado hutuletea maziwa. Tulipomweleza alicheka, akasema basi yatoshe chai ya bibi. Na bibi, aliyesema "mtoeni", ndiye siku hizi anayeuliza kila jioni kabla ya Magharibi: "Daftari la paka limeandikwa?"

Wabillahi tawfiq.