Yoga katika Monasteri ya Katanga

Kijana anayetaka kuwa mmonaki wa Kibenedikto hafunguliwi mlango siku ya kwanza. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa Italia katika karne ya 6, inataka aachwe akibisha hodi siku 4 au 5 kabla ya kukaribishwa. Kisha hupimwa mwaka mzima. Anasomewa Kanuni yote baada ya miezi 2, tena baada ya miezi 6, tena baada ya miezi 4, na kila mara ana ruhusa ya kwenda zake.

Desturi hiyo ilifika Katanga, kusini mwa Kongo, mwaka 1910, mwaka ule ule Lubumbashi ilipoanza kujengwa kwa jina la Élisabethville. Waliileta wamonaki wa abasia ya Saint-André ya Bruges, Ubelgiji, chini ya Jean-Félix de Hemptinne, ambaye baadaye alikuwa askofu. Wengi wao walimezwa na kazi ya parokia na shule. Hata hivyo, hamu ya kuishi kimonaki haikufa, na miaka ya 1950 ilifufuka kwa nguvu huko Kansenia, kwenye nyanda za juu mbali na kelele za migodi.

Mmoja wa waliokwenda huko alikuwa mmonaki Jean-Marie Déchanet, mtaalamu wa maandishi ya kiroho ya karne ya 12. Mwaka 1956 alikuwa ametoa kitabu La Voie du silence, ambamo alieleza jinsi alivyofanya mazoezi ya yoga kila siku, viungo na pumzi, ili mwili utulie kabla ya sala. Yaani wakati wasomaji wa Paris wakijadili kama Mkristo anaruhusiwa kufanya yoga, mwandishi mwenyewe alikuwa Katanga, katikati ya wamonaki.

Mmonaki kufanya yoga si jambo la kushangaza ukitazama siku yake. Katika ashramu za India, kama ile aliyoianzisha Swami Sivananda karibu na Rishikesh, mwanafunzi huamka kabla ya jua, hukaa kimya, hula chakula kisicho na nyama, hufanya kazi ya mikono bila malipo. Mnovisi wa Kibenedikto, yaani yule anayepimwa, naye huamka gizani. Kanuni inataka zaburi zote 150 ziimbwe kila juma, inamkataza nyama ya wanyama wa miguu minne isipokuwa akiugua, na inamtuma shambani na jikoni.

Mezani hakuna mazungumzo: mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanakula na kusikiliza. Upishi ni wa zamu ya juma. Jumamosi, anayemaliza zamu na anayeipokea huwaosha wenzao miguu. Jembe na sufuria hutunzwa kama vyombo vya altareni. Anayechelewa kwenye sala husimama mahali pa mwisho, mbele ya macho ya wote.

Mtu wa Katanga akisoma hayo hupata mengi ya nyumbani. Monasterini pia mdogo humwinukia mkubwa na kumpisha kiti, na mgeni hupokelewa kwa heshima kuu. Lakini kuna jambo moja gumu: ukubwa huhesabiwa kwa siku ya kuingia. Kijana wa miaka 20 aliyetangulia ni mkubwa wa mtu wa miaka 40 aliyefuata. Kwa jamii inayomtambua mzee kwa umri wake, hilo linavunja nafsi kuliko kufunga chakula.

Déchanet aliondoka Katanga katikati ya miaka ya 1960 na kuishi upweke kwenye milima ya Alps, Ufaransa, akiwafundisha yoga waliomfuata. Mjadala haukuisha. Mwaka 1989 Vatikani ilitoa barua ikionya kwamba utulivu wa mwili usidhaniwe kuwa ndio sala yenyewe. Onyo hilo ni la haki. Lakini barua hiyo pia ilikiri kwamba namna mwili unavyokaa inaweza kuisaidia sala, na hapo ndipo Déchanet alipokuwa amesimama tangu mwanzo.

Kuanzia mwaka 2000 mradi wa Mémoires de Lubumbashi ulikusanya kumbukumbu za wakazi wa jiji, wakiwemo wafanyakazi wa migodi. Kansenia inastahili kazi kama hiyo. Huenda bado wako wazee waliolelewa jirani na monasteri ile. Wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wawafuate sasa, wawaulize walichokiona.