Ngoma ya Mchana Kwenye Maji ya Ibiza

Boti ya sherehe ni chombo cha abiria ambacho sitaha yake imegeuzwa uwanja wa dansi. Hubeba watu mia moja hadi mamia kadhaa, huwa na DJ, spika kubwa, kaunta ya vinywaji na ngazi ya kushukia majini, na safari yake kwa kawaida huchukua kama saa 3. Zipo Ayia Napa kule Cyprus, zipo Malta, zipo katika visiwa vya Ugiriki na Croatia, lakini mahali ambapo biashara hii imekomaa kuliko kwingine, na ambapo imeleta ubishi mkubwa kuliko kwingine, ni Ibiza, kisiwa cha Hispania katika funguvisiwa la Balearic.

Ibiza ina kilomita za mraba 571, kama theluthi moja ya Unguja. Wakazi wake hawafiki 200,000, na kila mwaka, pamoja na kisiwa jirani cha Formentera, hupokea wageni zaidi ya milioni 3, wengi wao wakija katika miezi michache ya kiangazi. Sifa ya muziki ilianzia kwenye klabu za usiku: Pacha ilifunguliwa mwaka 1973 na Amnesia mwaka 1976, zote zikiwa katika nyumba za zamani za mashamba. Mwaka 1987 vijana wanne kutoka Uingereza, miongoni mwao Paul Oakenfold na Danny Rampling, walimsikia DJ Alfredo akipiga Amnesia, ambayo wakati huo haikuwa na paa, wakarudi London na mtindo wake wa kuchanganya muziki. Tangu hapo Waingereza hawajaacha kumiminika kisiwani.

Sherehe ya mchana ilikuja baadaye kidogo. Space, iliyofunguliwa mwaka 1989 huko Playa d'en Bossa, ilijulikana kwa dansi la asubuhi na mchana katika baraza la wazi, ndege zikipita juu kuelekea uwanjani. Majirani walichoka na kelele. Mwishoni mwa miaka ya 2000 mamlaka za kisiwa zilizibana klabu zilizokuwa zikiendelea kuanzia alfajiri hadi mchana, na mabaraza ya wazi yakaezekwa. Kiu ya kucheza chini ya jua haikwisha, ila ilihamia kwingine: kwenye hoteli zenye majukwaa kando ya bwawa, kama Ushuaïa iliyofunguliwa mwaka 2011, kwenye mikahawa ya ufukweni, na kwenye boti. Baharini hakuna jirani wa ukutani, na hilo peke yake linaeleza sehemu kubwa ya ustawi wa biashara hii.

Msimu huanza mwishoni mwa Aprili au Mei na kufungwa mapema Oktoba. Mtu aliyezoea mchana wa saa 12 wa ikweta hana budi kujifunza jua la huko upya. Mwezi wa Juni mchana hufika karibu saa 15, na jua huzama baada ya saa 3 usiku. Sababu si latitudo peke yake. Mwaka 1940 Hispania ilisogeza saa zake mbele kwa saa moja ili ziendane na za Ulaya ya kati, haikuzirudisha, na kila kiangazi huongeza saa nyingine moja juu yake. Matokeo yake ni kwamba jua la Ibiza hufika kilele chake karibu saa 8 mchana. Boti inayong'oa nanga saa 7 na kurudi saa 10 basi imekaa katikati kabisa ya jua kali la siku nzima, ingawa tiketi itasomeka kama safari ya alasiri. Anayechagua boti ya machweo hupata muziki uleule, hewa iliyopoa na mwanga mzuri zaidi, hasa upande wa magharibi, Sant Antoni de Portmany, ambako kutazama jua likizama ni desturi iliyojengwa tangu mkahawa wa Café del Mar ulipofunguliwa mwaka 1980.

Tiketi huuzwa mtandaoni au na vijana wa msimu wanaozunguka ufukweni na karatasi mkononi. Bei yake mara nyingi huwa euro 70 hadi 100, na ni nadra kuwa ya boti peke yake. Ndani yake huwemo kukutana kwenye baa ya pwani kabla ya safari, kiasi fulani cha vinywaji melini, na kiingilio cha klabu moja au mbili usiku. Hapo ndipo panapohitaji macho. Vinywaji vya kunywa upendavyo vinaweza kuwa vya saa nzima ya kwanza tu, au vya bia na sangria bila pombe kali. Kiingilio cha klabu kinaweza kuwa cha siku fulani pekee, au kikataka mtu afike mapema kabla ya saa iliyotajwa. Kwa aliyekwisha kupanga kwenda klabu, kifurushi hicho humpunguzia gharama kweli, kwa sababu kiingilio cha klabu kubwa kinaweza kufika euro 50 na kupita. Asiyekwenda analipia milango ambayo hataifungua. Kadhalika asiyekunywa pombe: kwa kawaida bei yake ni ileile, naye anapata soda na maji.

Siku yenyewe huanzia kwenye foleni. Kila abiria huonyesha kitambulisho, kwa kuwa boti nyingi hazipokei aliye chini ya miaka 18, kisha hufungwa ukanda wa karatasi mkononi, rangi moja kwa kila kundi. Mifuko hupekuliwa, chupa za kioo hubaki gatini. Kwenye gati lenyewe kuna jambo ambalo mtu wa pwani ya Afrika Mashariki hulitambua haraka: maji hayajai wala hayapwi kwa kiwango cha kuonekana. Bahari ya Mediterania karibu haina maji kujaa na kupwa. Kando ya Ibiza tofauti ni ya sentimita chache, wakati Zanzibar inaweza kufika mita 4. Kwa hiyo boti huondoka saa ileile kila siku ya msimu, na ubao wa kupandia haubadilishi mwinamo. Chombo kikishaacha bandari, sauti hupandishwa, watu husogea kuelekea kwa DJ aliye karibu na tezi, na sitaha huanza kunukia losheni ya jua, ndimu na moshi wa dizeli kwa pamoja. Mwenye tumbo jepesi hukaa sitaha ya chini katikati ya chombo, ambako mtikisiko ni mdogo, na dawa ya kichefuchefu huinywa kabla ya kupanda, maana ikinywewa baada ya kuanza kutapika haisaidii kitu.

Adui wa ratiba ni upepo. Playa d'en Bossa inatazama mashariki na Sant Antoni inatazama magharibi, hivyo upepo wa Llevant ukivuma kutoka mashariki pwani ya kwanza huchafuka huku ya pili ikitulia, na ukigeuka mambo nayo hugeuka. Nahodha ndiye mwenye kauli ya mwisho kuhusu kutoka au kutotoka. Masharti ya tiketi yanapaswa kueleza kama safari ikiahirishwa mteja anarudishiwa fedha au anapangiwa siku nyingine. Kwa mtu mwenye siku nne kisiwani, tofauti hiyo ni kubwa.

Kilele cha safari ni kituo cha kuogelea. Boti husimama kwenye ghuba iliyotulia, muziki hupunguzwa kidogo, na watu hujitosa. Maji ya Agosti huwa na joto la nyuzi 26 hivi, na uangavu wake humwezesha mtu aliye juu ya sitaha kuona sakafu ya bahari. Akitazama vizuri ataona rangi mbili. Sehemu za feruzi ni mchanga. Sehemu nyeusi, ambazo wengi hudhani ni miamba, ni mbuga ya Posidonia oceanica.

Posidonia si mwani. Ni mmea kamili wenye mizizi, shina, maua na matunda, ambao hukua chini ya maji hadi kina cha mita 40. Uangavu unaosifiwa katika kila tangazo la Ibiza ni kazi yake, kwa sababu majani yake hunasa chembe za tope na mizizi yake hushika mchanga usitimke. Samaki huzalia humo. Hata malundo ya majani makavu yanayokutwa ufukweni, ambayo wageni huyalalamikia kama takataka, huzuia mawimbi ya majira ya baridi yasile fukwe. Mwaka 1999 UNESCO iliiweka mbuga hii, pamoja na mji mkongwe wa Ibiza, katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 2006 watafiti walitangaza kwamba kati ya Ibiza na Formentera upo mmea mmoja wa Posidonia ulioenea kwa kilomita 8 hivi, unaokadiriwa kuwa na umri wa maelfu mengi ya miaka.

Kiumbe huyo hukua kwa sentimita chache tu kwa mwaka. Nanga inayoburuzwa juu yake hung'oa kwa dakika moja kile ambacho kitahitaji miongo kurudi, na mnyororo unaozunguka kadiri chombo kinavyopeperushwa hufyeka duara zima. Ndiyo maana mwaka 2018 serikali ya Visiwa vya Balearic ilipiga marufuku kutia nanga juu ya Posidonia. Vyombo vinatakiwa kutia nanga mchangani au kujifunga kwenye maboya maalumu, na boti za doria hupita zikiwaelekeza manahodha na kuwaandikia faini wakaidi. Abiria hana usukani, lakini anayo macho: nanga ikitua kwenye eneo jeusi, sheria imevunjwa mbele yake. Jambo hili lina uzito kuliko orodha ya vinywaji, kwa kuwa bila nyasi hizo hakuna maji ya kurukia.

Kuogelea kwenyewe kuna hatari yake. Pombe hupunguza wepesi wa mtu kujua kwamba amechoka, na mkondo mdogo wa maji hutosha kumtenga na ngazi. Anayeogelea hukaa upande wa chombo ulioelekezwa na mabaharia, mbali na rafadha, na hutoka majini honi inapopigwa. Wasiojua kuogelea huomba jaketi la kuokolea bila haya. Chombo hulazimika kuwa na majaketi hayo. Yavuyavu wa zambarau aitwaye Pelagia noctiluca hufika pwani hizi baadhi ya siku. Akiuma, jeraha husuuzwa kwa maji ya bahari, si ya bomba, kwa sababu maji yasiyo na chumvi huchochea sumu iliyobaki kwenye ngozi.

Jua nalo hudanganya. Upepo wa mwendo wa boti hupoza ngozi, hivyo mtu hahisi kwamba anaungua. Ngozi nyeusi huchelewa kuungua, lakini huungua, na joto kupita kiasi halichagui rangi. Losheni hupakwa upya baada ya kutoka majini, kofia haivuliwi, na kati ya bilauri mbili za pombe huingia moja ya maji. Akipoteza fahamu mtu, namba ya dharura ni 112, kama ilivyo kote katika Umoja wa Ulaya.

Upande wa pili wa biashara hii ni wenyeji. Kupanda kwa kodi za nyumba kumewafanya hata wafanyakazi wa hoteli na hospitali kulala kwenye magari, na hasira yao dhidi ya utalii wa ulevi ina msingi. Januari 2020 serikali ya Balearic ilitoa amri inayolenga maeneo matatu: Magaluf na Playa de Palma kule Mallorca, na West End ya Sant Antoni kule Ibiza. Katika maeneo hayo leseni mpya za boti za sherehe zilisimamishwa, matangazo yake yakakatazwa, na boti zikazuiwa kuchukua au kushusha abiria. Mwaka 2024 amri hiyo ilikazwa: boti za sherehe zinatakiwa kukaa umbali wa angalau maili moja ya baharini kutoka maeneo hayo. Maduka ya hapo hayauzi pombe kuanzia saa 3 na nusu usiku hadi saa 2 asubuhi. Mnunuzi hufanya vyema kuuliza boti inaondokea bandari gani na kama ina kibali, maana chombo kisicho na kibali mara nyingi hakina bima pia.

Anayesafiri kwa pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda huhitaji viza ya Schengen, ambayo ada yake ni euro 90 tangu Juni 2024, pamoja na bima ya safari ya angalau euro 30,000. Mwenye kibali cha ukaazi cha Ujerumani, Uholanzi au nchi nyingine ya Schengen huingia bila viza. Wanaoponzwa ni wakazi wa Uingereza: kundi la marafiki huondoka London pamoja, na mmoja mwenye pasipoti ya Afrika Mashariki huzuiwa uwanjani, kwa kuwa ukaazi wa Uingereza haumpi ruhusa ya kuingia Hispania.

Wasiopenda umati wanazo njia nyingine za kuiona bahari hiyohiyo. Feri ya kwenda Formentera huchukua kama nusu saa, na boti ndogo hupita karibu na Es Vedrà, mwamba wa karibu mita 400 unaochomoza baharini kusini-magharibi ya kisiwa.

Boti ikirudi gatini, ukanda wa mkononi haukatwi, kwani ndio tiketi ya klabu ya usiku. Mabasi yaitwayo Discobús huunganisha miji na klabu usiku kucha wakati wa kiangazi, kwa bei ndogo sana ikilinganishwa na teksi. Kama huduma haikulingana na iliyouzwa, mteja huomba hoja de reclamaciones, fomu rasmi ya malalamiko ambayo biashara hulazimika kuwa nayo. Huijaza palepale, akaambatisha risiti na picha ya tangazo, na kuondoka na nakala yake.