Bei ndogo haitoshi: Ulaya yauliza fedha za mzabuni zimetoka wapi

KAMPUNI ya nje inayoomba zabuni kubwa katika nchi za Umoja wa Ulaya haishindi tena kwa bei ndogo peke yake. Kabla mkataba haujatiwa saini, inatakiwa kueleza ni fedha gani ilizopata kutoka serikali yoyote iliyo nje ya umoja huo katika miaka mitatu iliyopita.

Sheria inayotaka maelezo hayo, ambayo inahusu ruzuku za kigeni, ilianza kutumika Julai 12, 2023. Wajibu wa kutoa taarifa kwa Tume ya Umoja wa Ulaya ulianza Oktoba 12 mwaka huo huo.

Chimbuko lake ni malalamiko ya siku nyingi. Nchi za umoja huo haziruhusiwi kuzipa kampuni zao ruzuku hivi hivi. Lazima Tume iridhike. Lakini kampuni ya nje yenye mkopo nafuu au dhamana ya serikali yake iliweza kuingia Ulaya, ikashusha bei au ikanunua kampuni kwa fedha ambazo wenzake hawakuwa nazo. Mkataba wa ruzuku wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza mwaka 1995, haukuziba pengo hilo kwa kuwa unahusu biashara ya bidhaa, si huduma wala ununuzi wa kampuni.

TRENI ZA BULGARIA

Sheria hiyo ilionyesha makali yake mapema mwaka 2024. Wizara ya Uchukuzi ya Bulgaria ilikuwa imetangaza zabuni ya treni 20 za umeme, pamoja na matengenezo na mafunzo ya wafanyakazi, kwa makisio ya Yuro milioni 610 hivi.

Kampuni ya China, CRRC Qingdao Sifang, iliomba kwa bei iliyokuwa karibu nusu ya bei ya mshindani wake, Talgo ya Hispania. Februari 16, 2024 Tume ilifungua uchunguzi wa kina, wa kwanza chini ya sheria hiyo. Mwezi Machi, kabla uamuzi haujatolewa, kampuni hiyo ilijitoa na uchunguzi ukafungwa.

Aprili mwaka huo ikafuata Romania, ambako zabuni ilikuwa ya kujenga na kuendesha kituo cha umeme wa jua cha megawati 110. Makundi mawili ya wazabuni yalichunguzwa, moja likiwa na kampuni tanzu ya LONGi na jingine likiwa la kampuni za Shanghai Electric. Yote mawili yalijitoa mwezi Mei.

Katika zabuni hizo mbili hakuna aliyepatikana na hatia, wala hakuna aliyetozwa faini. Hata hivyo biashara ilipotea. Mzabuni anayechunguzwa hawezi kupewa mkataba hadi uchunguzi uishe, na muda wake unaweza kufika siku 110 za kazi tangu taarifa kamili ipokelewe, na kuongezwa zaidi.

VIWANGO VYA FEDHA

Sheria haigusi kila zabuni. Kwa manunuzi ya umma, thamani ya mkataba lazima ifike Yuro milioni 250. Mzabuni aliyepata Yuro milioni 4 au zaidi kutoka nchi moja ya nje, kwa miaka mitatu, analazimika kutoa taarifa kamili. Aliye chini ya hapo hutoa tamko linaloorodhesha alichopata.

Kwa ununuzi au uunganishaji wa kampuni, viwango ni viwili kwa pamoja. Kampuni inayonunuliwa iwe na mauzo ya angalau Yuro milioni 500 kwa mwaka ndani ya umoja huo, na wahusika wawe wamepata zaidi ya Yuro milioni 50 kutoka serikali za nje katika miaka mitatu.

Hata chini ya viwango hivyo, Tume inaweza kudai taarifa ikiwa na mashaka. Atakayekamilisha ununuzi bila kutoa taarifa anaweza kutozwa faini hadi asilimia 10 ya mauzo yake ya mwaka, na atakayetoa maelezo ya uongo hadi asilimia 1.

Mtego mkubwa uko katika maana ya fedha zinazohesabiwa. Kinachoorodheshwa si ruzuku tu, bali kila fedha au nafuu iliyotoka kwa serikali au chombo chake. Mikopo, dhamana, misaada na misamaha ya kodi imo. Imo pia biashara ya kawaida. Tuseme kampuni imeliuzia shirika la umeme la serikali nyaya kwa bei ya soko. Hiyo si ruzuku, kwa kuwa hakuna aliyependelewa, lakini malipo yake yanaingia katika hesabu ya Yuro milioni 4.

Kwa hiyo kampuni safi kabisa inaweza kukwama kwa sababu tu mhasibu wake hakuwahi kutenganisha wateja wa serikali na wateja wengine.

WENYE HISA NAO WASUBIRI

Kwa mwekezaji mdogo, ununuzi wa kampuni ndiyo sehemu ya kuangaliwa zaidi. Mwaka 2023 kampuni ya simu ya e& ya Falme za Kiarabu, iliyoitwa zamani Etisalat, ilikubali kununua zaidi ya nusu ya biashara ya PPF Telecom, isipokuwa ile ya Jamhuri ya Czech, kwa Yuro bilioni 2.15. Afrika Mashariki inaikumbuka kama mmiliki wa hisa nyingi za Zantel, ambazo ilikubali kuziuza kwa Millicom mwaka 2015.

Tume iligundua kuwa e& ilikuwa na dhamana ya serikali isiyo na kikomo. Dhamana ya namna hiyo humpunguzia mkopaji gharama, kwani benki inajua kampuni haitaachwa ifilisike. Ununuzi uliruhusiwa Septemba 24, 2024 kwa masharti. Kampuni iliahidi kufuata sheria za kawaida za ufilisi za nchi yake, na kutogharamia shughuli za PPF ndani ya umoja huo, isipokuwa katika mambo machache yaliyokubaliwa. Masharti hayo ni ya miaka 10.

Kampuni ya mafuta ya ADNOC ya Abu Dhabi ilipita njia hiyo hiyo. Oktoba 2024 ilitangaza kununua Covestro, kampuni ya kemikali ya Ujerumani, kwa Yuro 62 kwa hisa. Ruhusa ya Tume, nayo ikiwa na masharti, ilitoka Novemba 2025. Aliyenunua hisa akitarajia malipo ya haraka alifunga fedha zake zaidi ya mwaka mmoja.

WAFANYABIASHARA WA AFRIKA MASHARIKI

Ni kampuni chache za Afrika Mashariki zinazoweza kuomba zenyewe zabuni ya Yuro milioni 250. Lakini sheria inamfuata pia msambazaji au mkandarasi mdogo ambaye sehemu yake inazidi asilimia 20 ya thamani ya zabuni. Mzabuni mkuu hawezi kukamilisha karatasi zake bila hesabu za mshirika huyo.

Kiwanda kilichomo katika eneo la uzalishaji wa bidhaa za kuuza nje, EPZ, kikiwa na msamaha wa kodi, kimepata nafuu ya serikali inayohesabiwa. Mkopo wa benki ya serikali nao unahesabiwa.

Anayekusudia kuingia katika biashara ya namna hiyo hana budi kutenga jalada la miaka mitatu. Humo ziwemo mikataba na taasisi za serikali, barua za misamaha ya kodi, na masharti ya mikopo pamoja na riba zake. Ziwemo pia bei ambazo wateja binafsi walitozwa kwa bidhaa ile ile, kwani ndizo zitakazoonyesha kuwa serikali haikulipa zaidi ya soko.

Karatasi zikikosekana katika zabuni, mwenye zabuni anaweza kumpa mzabuni siku 10 za kazi kuzileta. Zikipita bila karatasi hizo, ombi lake linatupwa.