Pampu ya mafuta: Lita za kwenye kasha hazitoshi

WAMILIKI wa magari ya kasi yenye tabo, mathalan Subaru Impreza WRX STI, hukimbilia pampu kubwa ya mafuta wanapoongeza nguvu za injini. Hata hivyo, lita zilizoandikwa kwenye kasha hazitoshi kuwa mwongozo.

Tabo inapozidisha msukumo wa hewa, kidhibiti hupandisha shinikizo la petroli vivyo hivyo, na shinikizo likipanda pampu hutoa mafuta kidogo zaidi. Petroli isipotosha, joto huzidi ndani ya silinda na pistoni huweza kuyeyuka.

Kwa hivyo, mnunuzi aulize pampu hutoa lita ngapi kwa saa shinikizo likifikia upeo. Akague pia nyaya, kwani umeme ukififia mafuta nayo hupungua. Bei ya pampu ni nafuu kuliko ya injini mpya.