Mapango ya Amboni kwa Mfuko Mdogo: Lipia Nini, Acha Nini

Kiingilio cha Mapango ya Amboni si kitu cha kukunyima usingizi. Kinachokausha mfuko ni njia ya kufika, dereva wa kukusubiri na kuchagua saa mbaya. Kama una wikiendi moja na fedha ya kuhesabu, piga hesabu zako kabla hujakata tiketi.

Unanunua nini hasa

Amboni iko kilometa 8 hivi kutoka Tanga mjini, pembeni ya barabara iendayo Horohoro. Ardhi yake ni ya mawe ya chokaa yenye umri wa miaka ipatayo milioni 150. Mto Mkulumuzi umeikata ukaacha korongo, na maji ya mvua yamekuwa yakiyeyusha mawe kidogo kidogo hadi yakachimba kumbi, vichochoro na nguzo zinazoning'inia darini.

Mapango yanayohesabiwa ni 10, lakini wageni hutembezwa katika moja. Humo mwongozaji atakuonyesha mawe yaliyojichonga kwa sura ya mamba, tembo na hata ramani ya Afrika. Kuna sehemu unapita umeinama, na sehemu ya mzimu ambako watu huacha sadaka na kuomba. Utasikia pia habari za Osale Otango na Paulo Hamisi, waliojificha humo miaka ya 1950 wakisakwa na serikali ya kikoloni.

Utaambiwa pango linatokea Mombasa, au Kilimanjaro. Ni hadithi tamu, lakini wataalamu waliopima mwaka 1994 walikuta pango refu kuliko yote lina mita 900 hivi. Kwa hiyo mtu akikuuzia ziara ya siku nzima ya mapango yote kumi, usitoe pesa. Mapango peke yake ni kazi ya nusu siku, pamoja na kwenda na kurudi.

Basi: gharama iliyojificha ni stendi

Anayetoka Dar es Salaam ana safari ya kilometa 350 hivi. Nauli elekezi ya LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini Tanzania, ipo, kwa hiyo hakikisha bei iliyoandikwa kwenye tiketi ndiyo uliyolipa. Basi la bei ya juu linakupa kiti kipana na kiyoyozi, lakini barabara ni ile ile. Mwenye fedha kidogo achukue la kawaida na abakize tofauti kwa matumizi ya Tanga.

Ambacho wengi hawahesabu ni stendi. Dar mabasi yanaondokea Mbezi, na Tanga yanashusha Kange, nje ya mji. Hizo ni nauli mbili za ziada kwenda na mbili kurudi. Ukipanda basi la alfajiri ukakosa daladala ya kukupeleka Mbezi, bodaboda au teksi inaweza kula fedha uliyodhani umeokoa kwenye tiketi.

Anayetoka Mombasa kupitia Lunga Lunga na Horohoro ana njia fupi zaidi. Mpakani, abebe hati ya kusafiria inayotambulika na asibadilishe shilingi kwa mtu anayemkimbilia dirishani. Mwenye gari lake akumbuke bima ya kuvuka mpaka na kibali cha gari. Kwa mtu mmoja au wawili, gharama hizo huifanya safari ya basi kuwa nafuu.

Kutoka mjini hadi pangoni

Hapa ndipo penye uamuzi mkubwa. Njia ziko nne.

Daladala ya kwenda Amboni ndiyo rahisi kuliko zote. Inakushusha kwenye njia panda, kisha unatembea kilometa mbili na nusu hivi hadi upande wa Kiomoni. Inamfaa aliye peke yake, mwenye miguu mizima na aliyetoka asubuhi. Haimfai mwenye watoto wadogo, wala siku ya mvua.

Bodaboda ni ya haraka na inakufikisha mlangoni. Ubaya wake ni kwamba ukishashuka akaondoka, kurudi kunategemea nani atapita. Ukimwambia asubiri, kusubiri kuna bei.

Bajaji ndiyo inayoshinda kwa watu watatu. Bei ni ya chombo, si ya kichwa. Tuseme dereva anataka 30,000 kwenda, kusubiri na kurudi: aliye peke yake anabeba zote, lakini watatu wanalipa 10,000 kila mmoja. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa bei yoyote utakayotajiwa, kisha linganisha na nauli ya daladala.

Teksi au gari linalopangwa na hoteli ni starehe, lakini hoteli nayo huweka chake juu. Ina maana kwa mzee, mgonjwa au familia yenye mizigo. Kwa wengine, toka nje ya geti ukaelewane na dereva mwenyewe.

Neno la kulishika ni "kusubiri". Ugomvi mwingi huanzia hapo. Kabla hujapanda, taja yote manne: kwenda, kusubiri saa mbili, kurudi, na utakaposhushwa. Lipa ukirudi, si kabla.

Kama dereva ameshakodiwa, muulize nyongeza ya kukupeleka chemchemi za maji moto za Galanos, zilizopewa jina la mkulima wa mkonge Mgiriki. Ziko upande huo huo wa Amboni na harufu ya salfa itakupokea mapema. Kuziunganisha na mapango ni nafuu kuliko kukodi chombo upya kesho yake.

Getini

Beba kitambulisho. Kiingilio cha raia na cha mgeni kutoka nje havilingani, na usipoweza kuthibitisha uraia wako unaweza kutozwa cha juu. Weka salio kwenye simu pia, maana malipo ya serikali hupitia namba ya malipo, na ukiwa na noti tu unaweza kukwama. Usipewe huduma bila risiti.

Uliza swali moja: je, mwongozaji yumo ndani ya kiingilio? Kama hayumo, patana bei ya kundi zima kabla hamjaingia. Mwongozaji si wa kubaniwa. Ndani ni giza totoro, vichochoro vinagawanyika, na bila yeye utaona mawe tu. Ukitaka kubana, subiri kundi jingine mgawane gharama.

Tochi na viatu

Taa ya simu ni ya bure, lakini inakula chaji, inakufunga mkono mmoja, na simu ikidondoka juu ya jiwe la chokaa kioo kimekwenda. Tochi ndogo ya betri ni rahisi dukani ila betri zake hufa haraka. Tochi ya kichwani ya kuchaji ni ghali kidogo zaidi, lakini inaacha mikono yote miwili huru, na nyumbani itakufaa kila umeme unapokatika. Ukinunua kitu kimoja kwa safari hii, kiwe hicho.

Viatu usinunue vipya. Raba ya mtumba yenye soli iliyochongeka inatosha. Kandambili na viatu vya soli laini viache: mawe huteleza, na bandeji na dawa zitakugharimu kuliko raba.

Lini uende

Masika, Machi hadi Mei, njia ni tope na mto hujaa. Juni hadi Septemba ndiyo nafasi nzuri. Asubuhi ni nafuu kwa sababu daladala ni nyingi. Jioni popo hutoka kwa maelfu na ni tamasha la kweli, lakini utarudi gizani kwa bei ya dereva. Ukitaka popo, nenda watatu na chombo kiwe kinakusubiri.

Je, Nang'oma?

Wapo watakaokwambia uache Amboni uende pango la Nang'oma, kwenye vilima vya Matumbi wilayani Kilwa, nchi ilikoanzia Vita vya Maji Maji mwaka 1905. Ni pango kubwa na watu ni wachache. Lakini inabidi uache lami ya barabara ya Lindi na kupanda upande wa Kipatimu, ambako usafiri ni haba na mvua huharibu mipango. Huwezi kuahidi kurudi siku hiyo hiyo, kwa hiyo malazi na chakula cha siku ya pili viingie kwenye hesabu.

Uamuzi

Kama fedha ni kidogo na unataka kuamua leo, chagua Amboni. Ukiwa peke yako, daladala ya asubuhi na miguu yako. Mkiwa watatu, bajaji ya bei moja mliyopatana kabla ya kupanda. Lipia mwongozaji, nunua tochi ya kichwani, na ubebe chupa ya maji na chakula kutoka mjini. Nang'oma iwekee akiba ya mwaka ujao.