Tarakimu za boksi: soko la ruta na mwenye laptopu mpya

Pale Luthuli Avenue, Nairobi, ruta huuzwa kwa antena na tarakimu. "Mkubwa, hii ni AX1500, inashika nyumba nzima," muuzaji atamwambia mteja mwenye laptopu mpya mkobani. Mteja naye, akiona boksi la pili limeandikwa AX3000, ataanza kujiuliza kama aongeze hela.

Pengine asiongeze. Hiyo 1500 ni jumla ya bendi mbili: megabiti 1,201 kwa sekunde kwenye gigahezi 5, na 300 kwenye gigahezi 2.4. Laptopu ya Wi-Fi 6 hutumia bendi moja kwa wakati, kwa hivyo kasi ya 1,500 haitaiona hata siku moja. Na hiyo 1,201 ni ya kwenye karatasi. Ukuta wa mawe kati ya sebule na chumba cha kulala huimega vibaya. Bendi ya 2.4 hufika mbali zaidi, ila kwenye fleti imeshajaa ruta za majirani. AX3000 nayo hupata ukubwa wake kwa kutumia masafa mapana ya megahezi 160. MacBook Air ya M1 haipiti megahezi 80, basi kwake ruta hizo mbili zinakaribiana sana.

Hofu ya vifaa kukataana huwa kubwa kuliko tatizo lenyewe. Laptopu ya Wi-Fi 6E huunganika na ruta ya Wi-Fi 4, kiwango cha mwaka 2009, ingawa kwa kasi ya ruta hiyo kuukuu. Visa vya kweli ni vichache. Windows 10 haitumii bendi ya gigahezi 6, ile ya Wi-Fi 6E, hata kadi ya Wi-Fi ikiwa nayo. Ni lazima Windows 11. Baadhi ya laptopu zenye kadi za zamani za Intel, na hapa wanunuzi wa ex-UK, yaani mitumba ya Uingereza, wasikilize, hazilioni kabisa jina la mtandao wa Wi-Fi 6 mpaka programu ya kadi isasishwe. Mafundi wengine hukimbilia kubadilisha kadi.

Dukani, kabla ya tarakimu za boksi, mimi ningeigeuza ruta nyuma kwanza nione matundu yake. Ruta nyingi za bei ya chini zilizoandikwa AC1200 zina matundu ya waya ya megabiti 100. Anayelipia faiba ya megabiti 30 hataona tofauti. Anayelipia 500 atapata chini ya 100 kila mwezi, kisha ailaumu kampuni ya intaneti. Pesa ya ziada ipelekwe kwenye tundu la gigabiti kabla ya kufikiria Wi-Fi 7, iliyoanza kuidhinishwa rasmi Januari 2024.

Mwenye faiba asitupe kile kiboksi cha kampuni. Ndicho kinachogeuza mwanga kuwa intaneti ya waya, na ruta mpya huunganishwa nyuma yake. Iwekwe kusambaza Wi-Fi tu; vyote viwili vikigawa anwani, printa iliyo upande mmoja huenda isionekane upande wa pili.

Ruta za laini ya simu zina mtego wao. Nyingine zimefungiwa mtandao wa kampuni iliyoziuza, na laini ya kampuni nyingine haisomi. Muuzaji akisema imefunguliwa, itiwe laini yako na ufungue ukurasa mmoja kwenye laptopu hapo hapo kaunta, kabla hujalipa.